Kipande cha Wankyo

Jina liliitwa mara tatu, na kila lilipoitwa wanawake waliojaa ndani ya senta, nyumba yao ya mikutano, waliinama wakaziba midomo kwa kanga zao.

"Ndugu Wankyo Werema! Yupo au hayupo?"

Aliyekuwa akiita ni Leonardi, karani wa chakula, kijana wa Tanga aliyepanga chumba Nyasho, mjini Musoma. Safari hii alikuwa amekuja kukaa wiki nzima kijijini Kyabisonga kusafisha orodha. Suruali yake ilikuwa na mstari wa pasi ambao vumbi lote la njia ya Butiama halikuweza kuuvunja. Mbele yake lilikuwepo jalada, na jalada lilisema kwamba Ndugu Wankyo, mume wa Bhoke, mkuu wa kaya ya watu watano, alikuwa akila unga wa serikali tangu mwezi wa nane, na hajaonekana hata siku moja kwenye mstari wa wanaume katika shamba la kijiji.

"Mtoro huyu," Leonardi akasema, akiligonga jina kwa kalamu. "Unga anaujua, jembe halijui. Leo atanieleza."

Nyuma kabisa, karibu na mlango, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyekuwa ameketi juu ya gunia tupu alijishika nyonga, akainuka taratibu.

"Nipo," akasema.

"Bibi, nimemwita mumeo."

"Mume wangu tulimzika kabla ya Uhuru. Umeniita mimi."

"Nimemwita mume wa Bhoke."

"Ndiyo mimi. Ng'ombe kumi na wawili niliwatoa kwa mkono wangu. Ulitaka atoe nani?"

Hapo senta ikalipuka. Wanawake walicheka kicheko cha watu ambao hawajacheka tangu mvua ikatae, wengine mpaka wakashikana mabega, na mwenyekiti wa kijiji, mzee Boniphace, akageuza uso akajifanya anakohoa.

Tusimlaumu Leonardi kwa kutojua. Kwao jambo hili halipo, na shuleni halifundishwi. Lakini mtu yeyote wa Mara angemweleza kwamba hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na wanabeba jina la boma lake. Mwanamume aliyewaleta duniani hatajwi, wala hana la kudai. Wankyo alijaliwa mabinti wawili tu, wote wameolewa mbali, na ng'ombe wa mahari yao ndio aliowatoa kumwoa Bhoke mwaka wa Uhuru, ili boma la marehemu Werema lisifutike.

Na lile la kwenye jalada halikuwa uongo wa mtu. Bhoke aliliandika mwenyewe, pale pale kwenye meza ya senta, mwaka uliotangulia, alipomaliza darasa la watu wazima. Mwalimu aligawa fomu, ya kwanza maishani mwao, na fomu ilikuwa na nafasi ya jina la mume. Bhoke alitoa ulimi nje, akaandika herufi moja baada ya nyingine: Wankyo. Fomu ikaenda mjini, mjini akazaliwa mwanamume, na mwanamume huyo akapangiwa kipande shambani.

Leonardi angeweza kucheka naye, yakaisha. Lakini watu wa majalada wanaweza kusamehe uvivu, hata wizi, kuchekwa hawasamehe. Jasho lilimtoka puani. Akachukua kalamu nyekundu, akalikata jina kwa mstari mmoja mrefu.

"Kaya hii haina mkuu," akasema. "Mwanamke hawezi kuwa mume. Leteni mwanamume wa ukoo aandikwe, na watoto waandikwe chini yake. Lori la unga linakuja Ijumaa. Bila mkuu wa kaya, hakuna unga."

"Niandike mimi," sauti ikatoka mlangoni.

Alikuwa Magesa, mtoto wa mdogo wake Werema, mtu wa miaka arobaini mwenye sauti laini na subira nyingi. Alikuwa amengoja miaka kumi na mitatu. Wankyo alipomwona akisogea mezani alielewa mara moja jambo ambalo karani hakulielewa kabisa. Magesa akishaandikwa, watoto ni wake. Ghati, binti wa miaka kumi na miwili, siku atakayoolewa mahari yake itaingia zizini kwa Magesa. Machage mdogo atarithi kwa Magesa au asirithi kabisa. Boma la Werema litakufa kwa wino, na hakutakuwa hata na matanga.

"Huyu haandikwi," Wankyo akasema.

"Basi nani?"

"Mimi. Kama nilivyoandikwa mwanzo."

"Bibi, mkuu wa kaya ni yule anayelima kipande cha mkuu wa kaya," Leonardi akasema kwa ukali. "Kipande kizima cha wanaume, si nusu ya akina mama. Wewe hujalima hata kimoja."

"Hakuna aliyenipimia. Wiki hii kuna siku ngapi za shamba?"

"Tatu. Kesho Jumanne, Jumatano na Alhamisi."

"Nikivilima vyote vitatu?"

Karani alimtazama kuanzia kilemba hadi miguuni. Aliiona ile nyonga iliyopinda tangu siku ng'ombe alipompiga teke, akaona hakuna hatari yoyote katika kukubali. "Kwa mkono wako mwenyewe," akasema. "Asikusaidie mtu kugeuza hata bonge moja la udongo. Ukiweza, nitakuandika."

"Mwenyekiti umesikia," Wankyo akasema. "Na ninyi wote mmesikia."

Nyumba yao ilikuwa ya tano kwenye mstari. Mwaka huo wa sabini na nne watu walikuwa wametolewa kwenye maboma yao ya zamani na kupangwa kando ya barabara, na kabla hawajamaliza kuezeka, mvua ikakataa na mtama ukakaukia shambani. Jioni ile Bhoke aliketi mlangoni akimnyonyesha mtoto wa mwezi mmoja, na mtoto alikuwa akinyonya, akiacha, akilia kwa hasira, akirudi tena. Ndani kulikuwa na unga wa muhogo wa kupikwa mara moja.

"Magesa anapitaga hapa ukiwa haupo," Bhoke akasema.

"Anasemaga nini?"

"Anasema mimi bado kijana. Nikiandikwa kwake nitashiba, na nitakuwa na mume wa kuvaa suruali."

Wankyo aliogopa, na hofu hiyo hakuwa amewahi kumwambia mtu. Alikuwa amemchukua Bhoke kwao Mugango akiwa msichana anayenukia samaki, asiyejua hata kushika jembe vizuri. Walikuwa wamelima pamoja miaka kumi na mitatu, wamezika mtoto mmoja pamoja, wamejenga mara mbili. Lakini alijua pia njaa inavyoweza kumshawishi mtu, maana yeye mwenyewe usiku ilikuwa ikimshawishi mengi.

"Bhoke," akasema, "wale ng'ombe nimeshawasahau. Ukitaka kwenda, mimi sitakushika mguu. Nitakaowapigania ni watoto."

Bhoke alimhamishia mtoto titi la pili. Hakujibu. Siku zote alikuwa mtu wa maneno machache, na Wankyo alikuwa akimpendea hilo, lakini jioni ile kimya chake kilimuuma kuliko nyonga.

Asubuhi alipitia senta na jembe begani ili awaache watoto. Senta ndiyo nyumba pekee ambayo haikuhamishwa. Kijiji ndicho kilichohamishiwa kwake. Wanawake waliifyatulia matofali wenyewe mwaka wa sitini na tatu, wakanunua mabati kwa pamba yao, na tangu hapo ikawa na darasa la jioni, cherehani moja, na wivu mwingi wa vijiji vya jirani. Njaa ilipoingia, waliweka sufuria kubwa ya uji nyuma yake. Kila mwanamke aliyepata unga alitia konzi mbili kwenye debe la senta kabla hajaenda kwake, na kila mtoto aliyefika na kikombe alipata uji. Mwenye funguo na mwiko alikuwa Dorotea, mjane wa mwinjilisti.

Dorotea hakuwa rafiki wa nyumba ntobhu. Aliipinga waziwazi, kanisani na hata kisimani, na Wankyo naye hakuwa akimsalimu zaidi ya salamu moja kwa siku.

"Karani alipita jana jioni," Dorotea akasema huku akikoroga. "Kasema watoto wako wamefutwa, nisiwape."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hapa tunahesabuga vikombe. Baba hatuhesabugi. Ghati, mwanangu, leta kikombe." Alipomaliza kumimina alimgeukia Wankyo, mwiko bado mkononi. "Usifurahi. Ndoa yako siikubali, na Jumapili nitasema tena. Lakini Magesa kuingia nyumbani kwa mtu kwa kupitia njaa ya mtoto, hilo nalo silikubali. Nenda kalime."

Kipande cha wanaume kilikuwa hatua ishirini kwa kumi, kikipimwa kwa kamba na kuwekewa vigingi vinne. Udongo ulikuwa mweusi wa mbuga, umekauka mpaka umepasuka, na jembe likitua lilirudi juu kwanza kabla halijakubali kuingia. Wanaume waliokuwa kwenye mstari walimkaribisha kwa mbwembwe.

"Ndugu Wankyo, umekuja na tumbaku?"

"Ndugu Wankyo, wake zetu wanalalamika, tusaidie kuwasemesha!"

"Nitawasemesha," Wankyo akawajibu. "Nitawaambia nimeona jinsi mnavyopumzika."

Wanaume wa nchi ile hunichosha. Wamelelewa wote na jembe la mwanamke, wamekula mtama wa mkono wake tangu waote meno, kisha wakikua wanashangaa kuona jembe liko mikononi mwake. Wankyo hakuwa na muda wa kuwashangaa wao. Alilima kwa mwendo wa mtu mwenye safari ndefu, akipumzika kila mstari, na saa tisa mchana mwenyekiti Boniphace akang'oa vigingi vyake na kusema kipande kimekamilika.

Jumatano ilikuwa mbaya. Nyonga ilikuwa imevimba, na kila alipoinama aliona nyota. Ghati alimfuata na kijembe chake, akitaka kusaidia kona moja tu, na Wankyo, akimwona Leonardi amesimama barabarani akitazama, alimfukuza kwa maneno makali ambayo aliyajutia papo hapo. Alimaliza jua likiwa linazama. Wanaume walikuwa wameacha utani. Mmoja wao alimletea jembe lake mpaka nyumbani, na kwa kuwa kipande kilikuwa kimeshapimwa, hakuna aliyeweza kuita huo msaada.

Usiku huo hakulala vizuri, na Alhamisi alichelewa kidogo tu, jua lilipokuwa limeshatoka. Alipofika shambani alisimama ghafla.

Magesa alikuwa ndani ya kipande chake, na ilionekana alianza kabla hakujapambazuka. Alikuwa amevua shati, mgongo unang'aa kwa jasho, na zaidi ya nusu ilikuwa imelimwa, tena imelimwa vizuri.

"Shikamoo, mama mkubwa," akasema kwa ile sauti yake laini. "Nimeona unaumwa. Nikasema kazi ya nyumba yetu siwezi kukuachia peke yako."

Wankyo aliuona mtego wote kwa mara moja. Akiendelea na kilichobaki, amesaidiwa, na sharti limevunjika. Akiondoka, mwenye kipande ni Magesa, na karani akifika saa nne atamkuta mkuu wa kaya yuko kazini. Kwa muda, mfupi lakini wa kweli, alitamani kukaa chini na kusema basi, chukueni. Alichoka kupigania watu ambao labda hata hawakutaka kupiganiwa, na sura ya Bhoke akiwa kimya mlangoni ilimjia machoni.

Kisha alimwona Magesa akitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomponza Magesa.

Wankyo alikwenda mpaka kwenye kigingi cha kwanza. Alikishika kwa mikono miwili, akakitingisha, akaking'oa. Akaenda cha pili.

"Mama mkubwa, unafanya nini?"

"Nakushukuru," akasema. Aling'oa cha tatu. "Umelima vizuri. Hicho ni chako, umekilimia kijiji, Mungu akubariki. Mwenyekiti! Njoo na kamba. Nipimie kingine."

Mzee Boniphace alikuja akiburuta kamba na wasiwasi wake. "Wankyo, vipande vya leo vimekwisha. Kumebaki pale penye kichuguu tu. Pana mawe."

"Pima."

"Jua limeshapanda."

"Ndiyo maana nasema pima sasa."

Boniphace akapima. Dorotea alikuwa anapita barabarani na ndoo ya maji kichwani, akaona yote, kuanzia vigingi mpaka tabasamu lilivyokauka usoni kwa Magesa. Aligeuka na ndoo yake, na muda si mrefu rimu ya lori iliyoning'inizwa mbele ya senta ikaanza kupigwa. Ilipigwa kwa fujo, kama inavyopigwa nyumba ikiungua, na wanawake wakatoka kila mlango.

Walikuja na sufuria. Wanne waliibeba kwa mti mabegani, uji ukiwa bado moto, na wengine walibeba mafiga, kuni, debe la unga, mikeka na watoto. Ghati alibeba mwiko. Walifika kwenye kipande cha kichuguu, wakakizunguka pande zote nne, wakakaa chini, miguu wameinyoosha, migongo yao ikiwa ukuta. Dorotea aliwasha moto upande wa Magesa.

"Ninyi nanyi mna wazimu," Magesa akasema. Alikuwa ameshika jembe lake, na sauti yake ilikuwa imepoteza ulaini. "Huyo ni mama yangu mkubwa. Nina haki ya kumsaidia."

"Pita basi," Dorotea akamwambia, bila kuinuka. "Ruka miguu yangu. Halafu uruke ya huyu, na ya yule mwenye mimba. Chagua wa kumkanyaga kwanza."

Magesa akachagua kusimama pale pale.

Leonardi alifika saa nne kwa baiskeli, moja kwa moja kutoka senta, ambako alikuta milango imefungwa na penye sufuria pamebaki jivu.

"Nani amefunga senta?" akauliza. "Saa za kazi hizi!"

"Haijafungwa," Dorotea akamjibu. "Imehamia hapa. Si mnapenda kuhamisha? Nasi tumejifunza."

Kijana akaegemeza baiskeli yake. Boniphace alimsogelea, akamweleza habari ya vigingi, naye akamtazama Magesa kwa muda mrefu, halafu akautazama udongo uliolimwa, halafu yule mwanamke aliyekuwa katikati ya duara la migongo, akipiga jembe penye mawe. Huenda hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba hajui kitu. Mimi simpi sifa zaidi ya hizo. Dorotea alimpa kikombe cha uji, na alipositasita akamwambia, "Kunywa, hatukuulizi wewe ni mtoto wa nani." Akanywa akiwa amesimama.

Wankyo alilima. Kila jiwe alilolitoa alilirusha nje ya duara, na wanawake walilipokea kwa kigelegele. Mkono wake ulichubuka, akaufunga kwa kipande cha kanga. Hakuna aliyegusa udongo wake, maana hawakuruhusiwa, lakini walimlimia kwa kila njia nyingine waliyoijua. Walimpa maji kabla hajaomba. Waliimba wimbo wa kupalilia, wakaupunguza mwendo yeye alipochoka, wakauharakisha alipopata nguvu. Saa nane aliinama akashindwa kuinuka. Wimbo ukakatika.

"Tumpe mkono," mwanamke mmoja akasema.

"Mtu asiingie!" Wankyo akafoka, uso ukiwa bado chini. "Atakayeingia hapa nitamlima yeye!"

Wakacheka, wengine machozi yakiwatoka, na yeye akatumia mpini kama mkongojo, akajiinua polepole mpaka akasimama. Alipopata pumzi aliinua jembe tena.

Bhoke alikuwa amekuja muda huo. Wankyo alimwona nyuma ya wengine, amesimama, mtoto mgongoni. Magesa alikuwa amemsogelea na kumwambia jambo la sikioni. Wankyo hakusikia ni jambo gani wala jibu lake. Alirudi kwenye udongo, maana udongo ndio uliokuwa mikononi mwake.

Jua lilipogusa vilima vya upande wa Suguti, Leonardi aliichukua kamba kwa Boniphace akapima mwenyewe, upande hadi upande. Akarudia upande mmoja.

"Umezidisha hatua tatu," akasema.

"Najua. Usije kesho ukasema kamba ilivutwa."

Ijumaa lori lilikuja likiwa na vumbi la Bunda, magunia yakashushwa mbele ya senta, na watu wakapanga foleni. Leonardi alikaa mezani na jalada. Wankyo alifika amejiegemeza kwa Ghati, Bhoke akiwa nyuma yao. Karani alifungua ukurasa ule wa mstari mwekundu, akaupindua, akaanza mpya. Akaandika pole pole: mkuu wa kaya, Wankyo Werema.

"Jinsi," akajisomea kwa sauti, kalamu ikasimama.

"Andika mwanamke," Wankyo akasema. "Mimi sijawahi kudanganya mtu."

Akaandika. Akamwandika Bhoke, akamwandika Ghati na Machage, na alipomaliza jina la mtoto mchanga, Magesa akajipenyeza mpaka mezani. Alikuwa amebakiwa na risasi moja, na lazima tukiri ilikuwa risasi nzuri.

"Kuna nafasi ya baba hapo," akasema. "Jalada ni la serikali, haliachwi wazi. Na habari ya baba msimuulize huyu bibi. Muulizeni mama aliyewazaa. Atamtaja mwenyewe, na mimi nipo hapa hapa."

Leonardi aliitazama ile nafasi. Ilikuwepo kweli, na kweli ilikuwa tupu. Wankyo hakugeuka. Yote aliyoyalima kwa siku tatu yalikuwa sasa mdomoni mwa mtu mwingine, mtu aliyekuwa na njaa na maziwa yanayokauka, naye alikuwa ameshamwambia kwamba hatamshika mguu. Alilishika bega la Ghati, akangoja.

"Ndugu Bhoke," karani akasema, na alisema kwa adabu. "Baba wa watoto hawa ni nani?"

Bhoke alikuja mbele. Aliligeuza jalada likamwelekea yeye, juu ya ile meza alipojifunzia a, e, i, o, u. Aliweka kidole kwenye mstari wa chini akakipandisha, akisoma kila jina kwa midomo bila sauti, la mchanga, la Machage, la Ghati, la kwake, mpaka kidole kikafika kwenye mstari wa kwanza kabisa. Hapo kikasimama.

"Umeshamwandika," akasema. "Huyu hapa."

Akalirudisha jalada upande wa karani, akafungua mdomo wa gunia lake.

"Sasa pima unga."